Masika ya Gari Linalovuja

Jumamosi, 1 Machi 2025

Mvua ya kwanza ya maana imenyesha jana. Asubuhi nilipotoka kuwamwagia kuku mahindi nikaona doa jeusi chini ya gari la mume wangu, Alfredi, ukubwa wa sahani. Nilichovya kidole, nikanusa. Oili. Nikamwita. Alikuja na mswaki mdomoni, akainama kidogo, akasema, "Hilo ni jasho tu, Mama Eva. Gari za mbio zote zinatoka jasho."

Naandika hapa kwa sababu nesi Juliana wa zahanati ameniambia niandike kila kinachonitia hofu, kuliko kukaa nacho kifuani mpaka presha ipande. Basi hofu ya kwanza ni hiyo oili.

Mimba imepita miezi sita. Eva nilimzaa kwa operesheni, nikamwaga damu mpaka nikawa naitwa na siitiki. Daktari alisema wa pili nisithubutu kumzalia nyumbani wala zahanati. Ni hospitali ya Katesh tu. Na kutoka hapa Balangdalalu mpaka Katesh, wakati wa masika, mimi ninategemea gari la milango miwili lililolala chini kiasi kwamba likipita kwenye tuta linakwaruza tumbo.

Jumapili, 2 Machi

Doa jipya. Ni kubwa kuliko la jana.

Jumatano, 5 Machi

Wanafunzi wangu wa darasa la tatu wanaliita hilo gari Mjusi. Leo nimewakuta wawili wamelichora ubaoni, na moshi mwingi nyuma. Nilitaka kuwakemea nikacheka, halafu nilipogeuka kufuta ubao nikahisi machozi.

Alfredi alilitoa Arusha mwezi wa kwanza. Mwanaume mwenye duka la mbegu na dawa za mifugo, watu wote walitegemea atanunua pikapu. Mimi pia. Akaja na hilo jekundu, linanguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Analiosha kila jioni. Mimi huniuliza kama nimekula, lakini kwa gari hamuulizi mtu, anakwenda kulitazama mwenyewe.

Jirani yetu Gidahosh, mfugaji wa Kidatoga, alipita na ng'ombe wake akasimama pale kwenye uzio na fimbo yake mabegani, anatazama nyumba. Husimama hivyo mara nyingi. Mimi nimekulia juu Dongobesh, na kwetu tulipokuwa wadogo tulitishwa kwa hadithi za watu wake. Nikafunga mlango.

Jumamosi, 8 Machi

Tumekwenda Katesh kwa fundi Akonaay. Aliweka gari juu ya mawe na jeki, akaingia chini, akatoka na mkono mweusi mpaka kwenye kiwiko. "Sili ya nyuma ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini," alisema. "Inabidi nishushe gia boksi."

Nilikaa kwenye benchi siku nzima nikitazama chuma kikitolewa chini ya chuma. Sili yenyewe ni kipira cha mviringo, unaweza kukivaa mkononi kama bangili. Nilimuuliza kama kitu kidogo hivi ndicho kinachozuia oili yote isimwagike. Akasema ndiyo, mwalimu, ni hicho hicho.

Sijapenda kujua hilo.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna doa. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 17 Machi

Doa limerudi. Na jioni Alfredi alipofika kutoka Hirbadaw kupeleka dawa za kuogeshea ng'ombe, moshi mweupe ulikuwa unatoka kwenye maungio ya boneti. Eva alikuwa amekwishakimbilia mlango wa gari, anataka kupandishwa mpaka getini kama anavyopenda. Nilimvuta kwa nguvu mpaka akalia.

"Ni oili kidogo inadondokea bomba la moshi," Alfredi alisema. "Inaungua, inaisha."

"Ikiwaka je?"

"Haiwaki."

"Nani amekwambia haiwaki?"

Akafunga boneti. Harufu ile imebaki kwenye nguo zilizokuwa kambani. Nimezifua tena.

Jumamosi, 22 Machi

Akonaay kwa mara ya pili. Ya nyuma inavuja tena, na ya mbele imeanza. Amebadilisha zote. Nilimuuliza sababu, na yeye akakaa kwenye tairi, akajikuna kichwa, akasema, "Mwalimu, sijui. Nimeiweka vizuri. Sili ni nzuri. Sijui."

Ningependelea anidanganye.

Jumatano, 26 Machi

Mvua mchana kutwa. Mlima Hanang hauonekani. Tangu ule mwaka mlima uliposhusha matope yakafukia nyumba na watu, mvua ikishika hivi watu wote hugeuza shingo upande wa mlima, hata sisi tulio mbali nao. Darasani watoto waliacha kuandika wakasikiliza bati. Nami nikaacha kufundisha nikasikiliza pamoja nao.

Ijumaa, 28 Machi

Kliniki. Mtoto anacheza vizuri, presha imepanda kidogo. Juliana alinishika tumbo chini, penye kovu, akaniangalia usoni. "Ukisikia maumivu hapa, hapa hasa, usisubiri hata chai ichemke. Umenielewa, dada?" Mpango ni kwamba mwanzoni mwa Mei nihamie Katesh kwa shangazi yake Alfredi, Rogathe, nikae karibu na hospitali mpaka siku ifike. Mtoto anategemewa mwishoni mwa Mei. Nimesema nitakwenda hata kesho. Juliana amesema kesho ni mapema mno, nitachoka na kukaa.

Mimi najua nitachoka na kuogopa kwanza.

Alhamisi, 3 Aprili

Siwezi kulala mchana wala kusahihisha madaftari. Niandike ili mkono utulie.

Tulikwenda Gitting kwa wazazi wa Alfredi kumchukua mama yake, Getruda, aje akae na Eva nitakapoondoka. Kwenda tulikwenda salama. Kurudi, mama alikuwa amejikunja kiti cha nyuma na kuku wake wawili, na mvua ilikuwa imetoka kukatika. Tulifika kwenye ule mwinuko wenye udongo mwekundu. Alfredi akakanyaga mafuta. Injini ikapiga kelele kama kawaida yake, lakini gari halikwenda. Ilikuwa kelele tupu. Nikanusa kitu kama mpira unaoungua.

"Klachi inateleza," alisema. "Oili imeingia kwenye klachi."

Halafu gari likaanza kurudi nyuma.

Nilitazama kioo cha pembeni nikaona mfereji, na chini ya mfereji shamba la mbaazi likishuka mpaka bondeni. Alfredi alikanyaga breki, matairi yakashika, yakaachia, yakaburuzika kwenye utelezi. Mama alisema, "Yesu wangu," kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayeongea na mgonjwa. Mimi nilishika tumbo kwa mikono yote miwili. Sikushika mlango wala mkanda. Gari lilikwenda upande, tairi la nyuma likaingia kwenye mfereji, tukasimama tumeinama.

Vijana waliokuwa wanapalilia walikuja wakatusukuma mpaka juu. Mama alishuka akatembea na kuku wake. Mimi pia nikatembea.

Tulipofika nyumbani nilimwambia Alfredi mbele ya mama yake, jambo ambalo sijawahi kufanya: "Mimi hilo gari siingii tena. Nitafute punda. Nitafute mkokoteni. Ulinunua kitu cha kuchezea wakati mimi nabeba mtoto wako."

Alichukua ndoo akaenda kuliosha matope. Niliposikia maji yanamwagika nilimchukia kabisa.

Jumamosi, 5 Aprili

Niliamka kulipokucha, kitanda upande wake kimepoa. Nikatoka. Alikuwa amelala chali chini ya gari kwenye tope, miguu tu inaonekana, na tochi ya simu inawaka. Nilidhani anafanya kazi. Nikasikia anavuta pua. Alikuwa analia.

Nilitaka kurudi ndani. Badala yake nikakaa kwenye kigoda cha kukamulia.

"Toka huko," nilisema. "Utapata nimonia."

Hakutoka. Akaongea kutoka kule chini. "Ile siku ya Eva, unakumbuka gari lililotupeleka?"

"Sikumbuki kitu cha siku ile."

"Ilikuwa lori la kubebea alizeti. Lilikuwa linapanda kama mzee anayetembea. Wewe umelala mapajani kwangu, damu inapita kwenye magunia. Nilimwambia dereva ongeza, ongeza. Akasema baba, limefika mwisho wake. Nilikuwa nakuona unakwenda, Mama Eva. Macho yako yalikuwa wazi lakini wewe haupo." Akavuta pua tena. "Nikasema Mungu akitupa mwingine, sitakaa tena kwenye gari ambalo halina mbio. Nilifikiri mbio ndiyo kitu tulichokosa. Sikujua kuhusu sili."

Miaka mitano hajawahi kuniambia jambo hilo. Nilidhani yeye amesahau, kwa sababu mimi ndiye niliyechanwa.

Nimemletea chai pale pale. Amekunywa amelala.

Hofu yangu haijapungua. Sasa naona tuko wawili, na kila mmoja amekuwa akimficha mwenzake.

Jumatatu, 7 Aprili

Bado inavuja. Ameweka beseni chini.

Jumamosi, 12 Aprili

Akonaay amegundua ugonjwa wa gari! Alikuja mwenyewe kwa pikipiki kutoka Katesh, na mvua yote hii, kwa sababu amesema hakupata usingizi. Aliwasha injini, akafungua kofia ya kumiminia oili, na kofia ikaruka kutoka mkononi mwake. Hewa ikatoka inafoka na matone ya oili yakamrukia shati.

"Mnaona!" alisema, kama mtu aliyemkamata mwizi wa kuku. "Injini inatakiwa ipumue. Kuna bomba lake la kutolea pumzi, hili hapa, limeziba kwa masizi kabisa. Sasa pumzi inatafuta pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Hata ningebadilisha sili kila siku zingevuja. Nilikuwa naziba tundu, wakati nyumba nzima imejaa moshi."

Amelisafisha bomba kwa waya na petroli. Lakini sili za sasa zimekwishatanuka, ya mbele imepasuka mdomo. Zingine ameagiza Arusha, zitakuja na basi baada ya Pasaka. Amesema tuliendeshe taratibu, kila safari tuongeze oili, na tusilipandishe mlima kwa nguvu. Klachi ameisugua kadiri alivyoweza.

Nimemuuliza, "Linaweza kuwaka moto?"

Alimtazama Alfredi, halafu akanitazama mimi. "Linaweza," alisema. "Mpaka zile sili zije, linaweza."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kanisani tumekwenda kwa miguu. Mvua. Miguu imevimba.

Jumanne, 22 Aprili

Gidahosh amekuja mpaka mlangoni, mara ya kwanza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti. Alisema korongo la njia ya Katesh limeanza kubeba maji na jana limechukua ndama wake. Alitaka tujue, kwa sababu ameona tumbo langu. Ndivyo alivyosema: "Nimeona tumbo, mwalimu. Mimi napita hapa kila siku naangalia kama moshi wa jiko lako unatoka. Ukitoka, najua mko wazima."

Mama Getruda ndiye aliyemshukuru.

Sili hazijafika. Basi halikutoka Arusha kwa sababu ya barabara.

Jumapili, 27 Aprili. Hospitali, Katesh

Naweza kukaa kwa kuegemea mto. Mtoto yuko kifuani kwangu, amefungwa kwa kanga ngozi kwa ngozi, na ninaandika kwa mkono mmoja pembeni yake. Nesi amesema nipumzike. Nikifumba macho narudi ndani ya lile gari, kwa hiyo naandika.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nachambua maharage na mama. Maumivu yalinishika upande wa chini, penye kovu hasa. Nilimwomba Mungu yawe ya tumbo la kuhara. Yakaja tena. Mama aliona mkono wangu umeacha kuchambua akapiga kelele kumwita Alfredi dukani.

Zahanati, Juliana alinigusa mara moja tu. "Nendeni. Sasa hivi." Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mgonjwa mwingine Singida. Yeye mwenyewe alikuwa na mama anayejifungua kitandani, hakuweza kuondoka. Pikipiki ilikuwepo moja nje, mwenye nayo akatazama tope, akatazama tumbo langu, akatikisa kichwa kabla hajaulizwa.

Nilipanda Mjusi. Nilisema siingii tena, nikaingia.

Alfredi alimimina oili mpaka juu, akatupa dumu lililobaki kiti cha nyuma. Kwa haraka, oili nyingine ikamwagikia injini. Harufu ilianza kabla hatujatoka kijijini. Hakuna aliyeitaja. Aliendesha taratibu kama alivyoelekezwa, na kila maumivu yaliponijia nilitamani aongeze, na kila alipoongeza niliona moshi kwenye kioo cha mbele na kutamani apunguze.

Kwenye korongo maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na yalikuwa yanaongea. Alfredi alishuka akaingia kwa miguu. Yalimfika magotini, na katikati yakampita mapaja. Alirudi uso umempauka. "Yatafika kwenye injini," alisema. "Haliwezi."

Upande wetu walikuwepo wafugaji na ng'ombe wao, wanasubiri maji yapungue. Gidahosh alikuwa kati yao na wanawe. Alikuja dirishani, akaniona.

"Zima hiyo," alimwambia Alfredi. "Tutalibeba."

"Gari?"

"Hii ni ndogo. Ng'ombe dume mzito kuliko hii tunamtoa kwenye tope."

Akawaita kwa lugha yao. Wanaume walivua mashuka wakayafunga vichwani. Alfredi alizima injini, akaziba bomba la moshi kwa tambara, akashika usukani akitembea nje mlango ukiwa wazi. Wakalisukuma ndani ya maji, na yalipofika kwenye vizingiti wakaliinua, wengine bampa, wengine kwa mabega chini ya milango, wakipiga ukelele mmoja kila wanapopiga hatua.

Maji yaliingia miguuni kwangu. Nilipandisha miguu kwenye kiti. Katikati nilihisi gari limekuwa jepesi, halikai tena mikononi mwao, maji ndiyo yamelishika. Mkia ukaanza kwenda na mkondo. Nikapiga kelele. Mtu mmoja nyuma alianguka, nikaona shuka lake linakwenda na maji peke yake, halafu kichwa chake kikaibuka, wakamvuta.

Gidahosh alikuwa upande wangu, maji kiunoni, mkono wake wenye bangili za shaba umeshika dirisha. Uso wake ulikuwa karibu na wangu.

"Mwalimu. Niangalie mimi. Usiangalie maji."

Nilimwangalia. Ana kovu dogo juu ya nyusi na jino moja limekosekana. Nilimwangalia mpaka magurudumu yakagusa mawe ng'ambo.

Sikuwahi kusema asante. Alfredi alichomoa tambara, akaruka ndani, injini ikakubali kuwaka, tukaondoka huku maji yakimwagika milangoni.

Mwinuko wa mwisho kabla ya Katesh ndio niliokuwa nauota. Maumivu yalikuwa hayana tena nafasi kati yake. Alfredi alinitazama, akaacha kwenda taratibu. Alikanyaga. Klachi ikateleza, ikashika, ikateleza. Moshi ukaingia kupitia matundu ya hewa, mweupe, halafu wa kijivu, na chini ya ukingo wa boneti nikaona kitu cha rangi ya machungwa.

"Alfredi. Moto."

Alisimamisha, akavuta breki ya mkono, akaruka. "Toka!"

Sikuweza. Uchungu ulikuwa umenifunga kama kamba, mkono wangu ulifika kwenye kitasa ukagoma. Yeye alifungua boneti na moto ukaruka juu kumpita kichwa. Nilimwona kupitia kioo akirudi nyuma. Kwa dakika ile nilidhani anakimbia. Alikuwa anapiga magoti barabarani. Akachota tope kwa mikono miwili akalitupa kwenye injini, akachota tena, tena, anapiga kelele bila maneno, mpaka kilichokuwa kinawaka kikaanza kufoka mvuke. Alinusa. Alifungua kofia akamimina dumu lote la oili. Akafunga boneti kwa kiwiko. Viganja vyake vilikuwa vimebabuka na havishiki vizuri usukani.

Tulipoanza tena kupanda, oili ikimwagika nyuma yetu, ikawaka taa nyekundu kwenye dashibodi, ile yenye umbo la kibirika. Hata mimi naijua.

"Taa ya oili," nilisema.

"Naiona."

"Utaua injini."

"Ife," alisema.

Injini ikaanza kugonga. Kwanza kama mtu anagonga sufuria chumba cha pili, baadaye kama anayegonga kwa nyundo miguuni petu. Niliwaza kuhusu kila jioni aliyolipangusa. Aliendelea kukanyaga, anatazama mbele, machozi na masizi usoni. Tulifika kileleni. Katesh ikaonekana chini, mabati yake yamelowa. Pale pale injini ikapiga kishindo kimoja ikanyamaza.

Tukashuka bila injini. Kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kelele. Mwanzoni nilisikia mawe chini ya matairi na pumzi ya mume wangu tu. Kasi ikaongezeka. Alikuwa amesimama kabisa juu ya pedali, mgongo umeachana na kiti, anavuta breki ya mkono, anazungusha usukani kama mtu anayezungusha jiwe la kusagia. Akalisogeza kwenye ukingo wa udongo, ubavu wa gari ukaanza kuchubuka kwa sauti ya kutia meno ganzi, na kioo cha pembeni kikaondoka. Hatimaye lami, hatimaye tambarare. Likasimama karibu na bajaji zilizoegeshwa.

Dereva wa bajaji mmoja alinibeba kama anayebeba gunia la ulezi. Kuanzia hapo nakumbuka taa za chumba cha upasuaji, na mtu akisema kovu limeanza kuachia, haraka. Halafu hakuna.

Ni msichana. Ni mdogo sana, wamesema amewahi. Daktari alisema kuchelewa kidogo zaidi ingekuwa habari nyingine. Sikumuuliza kidogo ni kiasi gani.

Jumatano, 30 Aprili

Mtoto ameshindwa kunyonya. Nesi alimnywesha maziwa yangu kwa kijiko. Nimekaa macho nimhesabie pumzi, zinaachana, halafu zinakuja. Alfredi yupo nje ya dirisha, mikono imefungwa bandeji, hawamruhusu kuingia hadi saa ya kuona wagonjwa. Amesimama tu na kutazama.

Jumamosi, 3 Mei

Amenyonya mwenyewe.

Jumatatu, 12 Mei. Kwa Shangazi Rogathe, Katesh

Mvua imepungua. Akonaay amekuja kutuona. Alilivuta gari mpaka gereji akalifungua. Amesema injini imenoki, krenki imeng'ang'ana, hakuna cha kuokoa. Aliposema alimwangalia Alfredi kama anayempa mtu habari ya msiba. Alfredi alikuwa amempakata mtoto kwa mikono yake ya bandeji. Alisema, "Sawa," akaendelea kumfukuzia nzi.

Tumemwita Natalia.

Alhamisi, 22 Mei

Jana Gidahosh alifika mjini mnadani, akapita hapa na kibuyu cha maziwa. Shangazi alipotaka kumwekea kiti alikikubali. Nikamwambia asante, nikarudia, akaona haya. Yule kijana aliyeanguka majini ni mwanawe wa pili. Mzima. Amepoteza shuka tu. Alimtazama Natalia kwa muda, akasema amefanana na mimi nilipokuwa nalia dirishani. Tumecheka wote. Jioni, peke yangu, nikatetemeka mpaka meno yakagongana.

Jumapili, 1 Juni

Kesho tunarudi Balangdalalu kwa basi. Leo Alfredi alikaa kitandani miguuni kwangu, ngozi mpya ya viganja vyake ina rangi ya waridi.

"Kuna jambo sikukwambia," alisema. "Pale kwenye mteremko. Injini ilipozimika, breki zilikuwa ngumu kama jiwe. Nilikuwa nakanyaga hazishuki. Sikuwa na breki, Mama Eva. Nilikuwa najua tunakwenda kufa na sikukwambia."

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua?"

"Nilikuona umesimama juu ya pedali."

Alinigeukia. "Mbona hukupiga kelele? Kwenye maji ulipiga kelele."

"Kwa sababu ulikuwa unaimba."

"Mimi?" Alfredi hawezi kuimba, hata kanisani anafungua mdomo tu. "Siimbi mimi."

"Ulikuwa unaimba lile pambio la kwaya ya akina mama. Umekosea maneno yote. Nikasema nikipiga kelele ataacha, na akiacha tumekwisha."

Alijifunika uso kwa mikono yake ile mipya. Nilidhani anacheka, sikuwa na uhakika, nikamshika mgongo. Hapo Natalia akakohoa kidogo kwenye kanga yake, halafu akanyamaza, na sisi wote wawili tukaacha kupumua tukasikiliza mpaka alipopumua tena.